Mdai Niliyemnyima Shikamoo

Kuna siku moja haijanitoka kichwani hata leo, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, tumbo limenitangulia kama ngoma ya harusi, nami nimechuchumaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa pale ufukweni Kibirizi. Najificha! Mtu mzima, mke wa mtu, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, watu wanapita wananitazama. Niliyekuwa namkimbia ni Mzee Kasimu, mwenye vyombo vya kuvulia dagaa. Alikuwa anakuja polepole na bakora yake, na mimi nikajikunja nikidhani sionekani. Kumbe kichwa ndicho kilichojificha, tumbo lote liko nje.

Usicheke sana, utajiumiza tumbo. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, maana baba yako nilimzaa mimi na wewe nilikubeba mgongoni. Umekuja juzi, unasema umekuja kunisalimia na kupumzika kidogo kabla ya kujifungua. Karibu sana, nyumba ni yako. Lakini bibi yako ni mzee, si kipofu. Simu yako umeizima tangu uliposhuka kwenye gari. Binti wa siku hizi azime simu siku tatu? Mume wako akikutafuta anampigia shangazi yako, na wewe ukipewa hiyo simu unaongea huku unatazama chini. Jana nimemsikia shangazi yako anataja mikopo ya kwenye simu, hiyo mnayoiita kausha damu. Sikuulizi kitu. Nyoosha miguu hapo kwenye mkeka, imevimba, nikuhadithie jinsi bibi yako alivyokuwa mjinga.

Sisi watu wa ziwani maisha yetu yalikuwa yanafuata mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, dagaa wanafuata taa za karabai, wavuvi wanapata, ufukwe unajaa mabeseni na kelele na kila mtu ana hela. Mwezi ukishakuwa mkubwa, dagaa hawana haja na taa ya mtu. Vyombo vinavutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kucheza bao, na nyumbani tunakula kilichobaki. Siku hizo ndizo tunaziita mbalamwezi. Kwa hiyo Kibirizi mtu hakopi akataja tarehe. Unasema, "Nitakupa giza likiingia," na mwenye duka anakuelewa.

Babu yako Yasini alikuwa mvuvi kwenye kipe cha Mzee Kasimu. Kipe ndiyo ile mitumbwi iliyounganishwa kwa ajili ya dagaa, umeiona. Yeye hakuwa na chombo wala wavu, alikuwa na mikono yake miwili tu. Lakini alikuwa mtu wa kujipanga, Mungu amrehemu. Kila giza akipata mgao wake alitenga kidogo, akakitia kwenye kopo la maziwa, akanipa mimi nitunze. "Hii ni ya uzazi, Tatu," aliniambia. "Hata tukilala na njaa, isiguswe." Nikaitikia vizuri kabisa, kama mke mwema.

Basi mimi nikapiga akili zangu. Nilikuwa nimeona kwamba siku za giza dagaa bei iko chini, na mbalamwezi bei inapanda. Nikasema, nikinunua wakati wa giza, nikaanika, nikahifadhi kwenye gunia, vyombo vikipumzika nitawapeleka sokoni Mwanga na kuuza kwa bei ninayotaka mimi. Si akili mbaya hiyo, mwanangu. Wapo waliojenga nyumba kwa njia hiyo. Lakini mimi nilitaka kuifanya katikati ya masika, na tumbo, kwa fedha ya uzazi, halafu kwa siri. Na unajua nilitaka faida ya nini? Pale Mwanga nilikuwa nimeona shali ya sufu ya njano na beseni la kuogea mtoto lenye maua. Jirani yangu mmoja alikuwa amejifungua kwa fahari, mtoto amezungushiwa shali kama mtoto wa sultani, nikaapa kwamba mtoto wa Yasini hatafunikwa na kanga kuukuu. Ujinga mtupu! Mtoto mchanga anajua nini habari ya shali?

Nikafungua kopo. Fedha yote ikanunua mabeseni mawili ya dagaa wabichi. Nikaona hayatoshi, nikaenda kwa Mzee Kasimu nikaomba mengine manne kwa mkopo. Akanitazama usoni, akauliza, "Yasini anajua?"

"Anajua, Mzee," nikasema. Uongo mkavu, wala sikupepesa jicho.

Akanipimia. Na mimi nilijua utaratibu wa ufukwe: mke akishindwa kulipa, deni linakatwa kwenye mgao wa mume. Lakini nani alikuwa anafikiria kushindwa? Mimi nilikuwa naiona shali ya njano tu.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mama Odeta, na ninakuomba umkumbuke huyo mama kwenye dua zako, maana bila yeye sijui ningefikia wapi. Ilikuwa miaka ya sabini, ile ya wakimbizi wa mwanzo. Maboti yalikuwa yanafika kutoka Burundi, na mengine kutoka Kongo, yamejaa watu na magodoro na kuku na watoto wanaolia. Wengi malori yaliwachukua kwenda kambini, upande wa bara. Wachache walipata kibarua wakakaa kwetu kwa muda. Mama Odeta alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa Mrundi wa huko milimani, mkulima, amekuja na binti yake Odeta na kitoto cha mgongoni, na mume wake hakujua yuko wapi. Jirani yetu alimwazima banda la uani. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa wa watu, akalipwa dagaa.

Nikuambie ukweli, sikumheshimu. Nilimwona mtu aliyekuja na kifurushi kimoja, atanifundisha nini mimi mzaliwa wa Ujiji? Nilimtumia tu. Magunia yangu niliyaficha bandani kwake ili Yasini asiyaone.

Nilianika siku mbili na siku zote mbili mvua ikanikuta. Dagaa wakakauka nusu, na mchanga umewaganda. Mtu mwenye akili angewarudisha juani siku nyingine. Mimi nikaogopa macho ya watu, nikawasukumia kwenye magunia hivyo hivyo na unyevu wao. Mama Odeta akaingiza mkono, akawasikilizia kwa vidole, akatikisa kichwa. "Oya, dada," akasema, yaani hapana kwa Kirundi chao. "Hawa hawajakauka. Wataharibika."

"Wewe umetoka milimani," nikamjibu. "Dagaa umewajua lini?"

Akafunga gunia kama nilivyotaka. Neno hilo nimelijutia miaka yote hii.

Mbalamwezi ikaja, bei ikapanda kama nilivyokuwa nimeota. Nikaenda kufungua magunia. Toba! Harufu ilinisukuma nyuma. Ukungu juu, funza chini, magunia yanatoa joto. Nikakaa chini nikalia hadi kitoto cha Mama Odeta nacho kikaanza kulia. Yeye hakusema "nilikuambia." Alichukua jembe, tukawafukia wale dagaa kwenye kibustani chake nyuma ya banda. Fedha yote ya uzazi ikawa mbolea ya mchicha.

Kuanzia hapo nikaanza maisha ya panya. Mzee Kasimu alikuwa anakaa barazani kwake kwenye njia kubwa, nami nikaacha njia kubwa. Nilipita nyuma ya nyumba za watu, nilikatiza kwenye mihogo, niliteka maji mbali kusudi nisimwone. Nikisikia kikohozi kinachofanana na chake, naingia uani kwa mtu yeyote na kuanza kuuliza habari za watoto. Giza la pili likaingia, likaanza kuishia, sijalipa wala sijamsalimia. Na nyumbani Yasini akiniuliza kama kopo linaendelea vizuri, namwambia, "Linaendelea." Nilikuwa nahesabu pia tumbo langu kwa mwezi, na kila nikihesabu napata jibu lile lile: mtoto atakuja si mbalamwezi inayokaribia, ni ile ya baada yake, siku ambazo Yasini hatakuwa na hata senti ya kuingia, na kopo liko tupu. Nilikuwa naamka na hofu, nalala na hofu. Mtoto akicheza tumboni nafurahi kidogo, halafu nakumbuka.

Ndiyo maana nilichuchumaa nyuma ya mtumbwi siku ile. Mzee Kasimu alipita. Mama Odeta alikuwa anaanika hapo karibu, akaniona nilivyojikunja, wala hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi kuliko kicheko.

Sijasimama vizuri, boti likafika kutoka Burundi. Watu wakaanza kuteremka majini, wamechoka, nguo zimewaganda mwilini. Mama Odeta akainua uso, akakodoa macho. Halafu akaacha dagaa wa watu palepale, akakimbia. Alikuwa amemwona bibi mmoja mwembamba aliyekuwa anateremshwa na vijana. Nikafikiri, alhamdulillahi, amempata mama yake.

Hakuwa mama yake. Alimpigia magoti mchangani, akamshika mikono yote miwili. Kirundi na Kiha vinasikilizana, na mama yangu alikuwa Muha, kwa hiyo niliyasikia maneno yao yote. Alisema, "Bibi Yozefina, maharage yako sijayasahau."

Yule bibi alikuwa jirani yake huko kwao. Mama Odeta alipokuwa na mimba ya kile kitoto, alikuwa amekopa kwake gunia la maharage, alipe akivuna. Kabla ya kuvuna vita ikafika, kila mtu akakimbia upande wake, na mavuno yakabaki shambani. Bibi Yozefina akaanza kulia na kucheka pamoja. "Mwanangu," akamwambia, "mimi nilijua umekufa. Maharage gani tena? Nimekusamehe."

"Oya," akasema Mama Odeta. "Usinisamehe. Mimi naomba muda, siombi kusamehewa. Shamba nimeliacha kule. Deni nimekuja nalo."

Akamkalisha kivulini, akaenda bandani kwake, akarudi na dagaa wakavu wamefungwa kwenye kitambaa, ujira wake wa siku kadhaa. Akasema, "Hii ndiyo ya kwanza. Popote watakapokupeleka, nitakuletea mpaka deni liishe."

Nilidhani bibi atakataa. Alipokea kwa mikono miwili, akakaa na kile kifurushi mapajani, akawa anakipapasa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Nimefika hapa sina kitu," alisema. "Wananiandika jina, wananiuliza nina nini, nawaambia sina. Hakuna anayejua kwamba nilikuwa mtu mwenye ghala, mtu wa kukopesha wenzake. Wewe peke yako ndiye unajua."

Mwanangu, nilisimama pale na tumbo langu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mwenye nchi yake, mwenye mume, mwenye kitanda, anajificha nyuma ya mtumbwi. Na yule asiye na hata sufuria ya kwake anamkimbilia mdai wake mbele ya watu wote. Nikamwona mkubwa yule mwanamke. Mkubwa kweli, na ubishi wangu wote wa Ujiji ukaisha.

Alipomaliza kumhudumia bibi nikamfuata, lakini bado nina kiburi kidogo, nikamwambia, "Wewe nawe! Amekusamehe kwa mdomo wake, unakataa?"

"Dada," akasema, "mimi nyumba sina, shamba sina, mume simwoni. Nilichobaki nacho ni kwamba watu wakisikia jina langu wanasema yule ni mtu wa kweli. Nikilitupa na hilo, nitamlea huyu mgongoni kwa kitu gani?" Kisha akaniuliza taratibu, "Mume wako umemwambia?"

Nikatikisa kichwa. Akasema, "Anza na yeye. Mzee Kasimu ni wa pili."

Ilikuwa mchana, Yasini ameamka, anashona wavu uani. Nilikaa mbele yake nikasema yote. Kopo, mabeseni sita, uongo niliomwambia Mzee, magunia, mchicha wa Mama Odeta. Nikasema bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika sitaendelea. Aliacha sindano ya wavu ikining'inia. Nikangoja anipige au anifukuze. Unajua alisema nini?

"Kumbe ni dagaa?"

"Ni dagaa," nikasema.

"Tatu, mwezi mzima nakuona unapita nyuma ya nyumba za watu. Unatoka kwa kunyata, unarudi unahema. Nilijua umepata mwanaume."

Wallahi, mwanangu, nilicheka na machozi yananitoka. Mimi na lile tumbo! Yeye naye akacheka, akashukuru Mungu, akaninyooshea mkono. Halafu baada ya kushukuru akakumbuka kopo, na hasira ikaja sawasawa. Alitoka akaenda kukaa kwenye vyombo, na siku mbili hatukuzungumza zaidi ya "chakula hiki hapa." Sikumlaumu. Alikuwa ameachwa peke yake na wasiwasi ule wakati mimi nikihangaika na siri yangu. Siku ya tatu alivaa shati safi, akasema, "Vaa, twende kwa Mzee."

Tukamkuta barazani. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, Mzee." Alimaliza kwanza kahawa yake.

"Marahaba," akasema. "Leo umenikumbuka."

Nikaanza kueleza habari ya mvua. Akanikatiza kwa mkono. "Dagaa kuoza najua. Wanawake wa kuanika wameniambia. Mimi mwenyewe masika yamenila mara ngapi? Hilo halijaniuma." Akanielekezea bakora. "Kilichoniuma ni kwamba mwezi mzima umeninyima salamu. Unaniona, unakimbilia kwenye mihogo. Mimi simba? Kama ungekuja siku ile ile walipooza, ukaniambia Mzee nimeharibikiwa, tungepanga. Umenifanya nikae hapa barazani watu wanakimbia njia yangu kama nina ugonjwa."

Sikuwahi kufikiria hilo, mwanangu. Siku zote nilijua mimi ndiye ninayeumia. Kumbe na yule mzee alikuwa anaumia.

Hakunisamehe hata beseni moja, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema mgao wa Yasini wa giza linalokuja hataugusa, ni wa uzazi. Mimi nitalipa kwa mikono yangu, nitamwanikia dagaa wake kila giza mpaka mabeseni manne yaishe. "Ukijifungua, siku arobaini sikudai," akasema. "Siku ya arobaini na moja, nakudai."

Tuliporudi nyumbani, Mama Odeta akanishika mkono tukaanza kupanga. Akaniuliza mtoto anahitaji nini. Nikataja shali. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akafungua sanduku langu, akatoa kanga kuukuu nilizokuwa nazionea aibu, akazipapasa na kusema hizi ndizo laini, mpya zinamkwaruza. Tukazichana nepi, tukazifua, tukazikunja. Giza lilipoingia, Yasini alinipa mgao wake wote mkononi, na kabla haujalala nyumbani tukanunua vya siku za mbalamwezi: unga, mawese, sabuni, mafuta ya taa, kuni za kuchemshia maji ya mzazi. Nauli ya kwenda kujifungua ikawekwa kwenye kopo lile lile, na safari hii kopo likakaa mahali tunapoliona wote wawili. Mchicha wa bustanini ulikuwa umenona ajabu. Tukawa tunaula, na kila tukiula Yasini anasema, "Kula, mke wangu, huu una fedha nyingi ndani yake." Alinitania kwa mchicha ule hadi alipokufa.

Mtoto alikuja mbalamwezi, kama nilivyohesabu. Vyombo vyote viko mchangani, hakuna mwenye hela, na nyumbani kwetu hakikukosekana kitu. Alifunikwa kanga kuukuu, akalala usingizi mzito, hata harusi ipite asiamke.

Siku ya saba Mama Odeta akaja na chungu kichwani. Kwao, kama kwa Waha, mwanamke akijifungua majirani wanamletea chakula, wanaita guhemba. Akafunua chungu: maharage, yamepikwa kwa mawese. Nikamuuliza ameyapata wapi, maana najua hali yake. Akaniambia Bibi Yozefina ameyatuma kutoka kambini, kutoka kwenye posho yake mwenyewe. Mama Odeta alikuwa akimpelekea dagaa wake kwa wachuuzi waliopita njia ya Kidahwe, mara kwa mara, na alikuwa amempelekea salamu kwamba kuna dada Kibirizi amejifungua mtoto wa kwanza. Bibi akapima maharage yake, akasema, "Mpelekee huyo mzazi. Mwambie yametoka kwa mtu mwenye ghala."

Nilikula nikilia. Sijapata kula maharage matamu kama yale mpaka leo.

Kabla arobaini yangu haijatimia, lori lilikuja likamchukua Mama Odeta na watoto wake. Nilimpa ile kanga moja mpya niliyokuwa nayo. Sikumwona tena. Wengine walirudi kwao baadaye, na ninaomba awe amerudi, amelikuta shamba lake, amempata mume wake. Nikiomba namtaja kwa jina. Deni lake kwa Bibi Yozefina alilimaliza akiwa hukohuko kambini, mchuuzi mmoja aliniletea habari, nikapiga vigelegele peke yangu uani kama vile mimi ndiye niliyelipwa.

Siku ya arobaini na moja nikambeba mtoto mgongoni, nikapita njia kubwa, katikati kabisa, mpaka baraza ya Mzee Kasimu. Nikasema, "Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuanika."

"Marahaba. Dagaa wako pale," akasema. Halafu akamtazama mtoto. "Huyu mmempa jina gani?"

"Kasimu," nikamwambia.

Mzee akageuza uso upande wa ziwa. Kisha akaniambia niwahi, jua linapanda. Hakunipunguzia hata beseni moja.

Ndiyo, mwanangu. Baba yako ana jina la mdai wangu. Ulikuwa hujui? Sasa umejua.

Haya, mimi sijui mikopo ya kwenye simu inavyokwenda. Sijui umekopa kwa wangapi, wala kama ulikopa kwa ajili ya kitanda cha mtoto au kwa ajili ya kulipa mkopo mwingine. Kama ni hilo la mwisho, acha leo hii, usichukue hata shilingi ya kufunikia nyingine, maana hapo utazunguka mihogo mpaka mtoto aanze shule. Wewe nakuonea huruma. Mzee Kasimu alikuwa na uso na baraza, hao wako wana sauti tu ya kutukana watu. Lakini njia ya kutokea ni ile ile. Mume wako aambiwe kwanza, na aambiwe kwa mdomo wako. Atakasirika. Mwache akasirike siku mbili, hasira ya kujua ni nyepesi kuliko wasiwasi alio nao sasa, na sijui anachowaza huko akiona simu imezimwa. Baada ya hapo muwakabili wanaowadai wote mkiwa pamoja, muombe muda, mlipe kidogo kidogo mnachoweza, na asiyekubali lugha ya kiungwana tutamtafutia watu wazima wa kuzungumza naye. Baba yako yupo, mimi nipo. Vya mtoto usivinunue kwa macho ya majirani. Kanga zangu kuukuu ziko sandukuni, nimekuwekea nane.

Mungu akujalie ujifungue salama, mtoto na mama wote wazima. Amfanye mumeo mwenye moyo wa Yasini, na wewe akupe uso wa Mama Odeta. Mtoto wako akibebwa mgongoni, amsikie mama yake anapita njia kubwa na kumsalimia kila anayekutana naye. Amina.

Sasa washa simu, mwanangu. Nimekaa hapa, siendi popote.